Goti Huenda Linakopelekwa: Mazoezi ya Pilates na Mwendo Wetu

Hotuba kwa watumishi wa umma, wastaafu na wanachama wa vikundi vya mazoezi, Dodoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa vikundi vya mazoezi, ndugu watumishi, mabibi na mabwana, mbukwenyi! Na kwenu wazee wangu wastaafu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mazoezi ya Pilates, yaani mazoezi ya taratibu yanayounganisha pumzi na utawala wa mwendo, na namna yanavyoweza kuyasaidia magoti yakae kwenye mstari wake na mwendo uwe mwepesi. Nimekubali kwa moyo mmoja, ingawa najua kwamba kwa wengi wetu jina hilo linasikika kama la starehe ya wenye nacho, ifanyikayo Masaki mbele ya vioo virefu na mashine za bei mbaya. Sehemu ya mazoezi hayo inayolihusu goti inahitaji mkeka, khanga, ukuta na subira, na vitu hivyo havikosekani Chang'ombe wala Nzuguni. Hoja yangu ni moja: goti halijiongozi. Huenda linakopelekwa na nyonga iliyo juu yake na unyayo ulio chini yake, na kwa sababu hiyo anayelihudumia goti peke yake, kwa kulichua, kulifunga bandeji na kulipaka dawa, anashughulika na mahali maumivu yanapojitokeza na kupaacha yanapoanzia.

Goti hukutanisha mifupa miwili mirefu kuliko yote mwilini, wa paja na wa muundi, na mbele yake kimekaa kilegesambwa, ile pia ya goti inayoteleza juu na chini katika mfereji wake kila mguu unapokunjwa na kunyooshwa. Nyonga huzunguka pande zote, na unyayo una mifupa 26 inayouwezesha kujirekebisha juu ya mawe na mchanga, lakini goti, lililo katikati ya hivyo viwili, limeumbwa hasa kwa kukunja na kunyoosha, na kuzunguka kwake ni kwa kiasi kidogo sana. Paja likizungukia ndani na unyayo ukalala, msokoto unaotokea hauna pa kwenda isipokuwa gotini. Tunapotembea kwenye tambarare, kila mguu huwa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya muda wa mzunguko wa hatua, na kwa sehemu kubwa ya muda huo huubeba mwili peke yake kwa kuwa mwenzake uko hewani. Vipimo vilivyochukuliwa kwa watu waliowekewa magoti bandia yenye vihisio vimeonyesha kwamba goti hubebeshwa wakati huo takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na katika kushuka ngazi mzigo hupita mara tatu. Mtu wa kilo 80 anayekwenda zake sokoni Majengo analibebesha goti moja kitu kama kilo 200 kwa kila hatua. Mzigo huo ukisambaa vizuri, goti halilalamiki. Ukiangukia upande mmoja miaka nenda miaka rudi, hapo ndipo yanapoanza mambo ya kuinuka kwa kushikilia meza.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo. Hapa kwetu mtu akiumwa goti huambiwa kwamba ute umekwisha, kisha hushauriwa anywe maji ya bamia, au supu ya makongoro, au aongeze mlenda. Mimi ni mlaji wa mlenda na sitaki ugomvi na mtu, hasa katika mkoa huu, lakini utelezi wa mboga humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote na hauna njia yake ya pekee ya kwenda gotini. Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu; hupata lishe kutoka katika ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kadiri gegedu inavyobanwa na kuachiwa. Kinacholilisha goti, basi, ni kutumika. Mzee anayeacha kabisa kutembea kwa kuogopa kulimaliza goti analinyima chakula, na wakati huohuo misuli inayolilinda inazidi kunywea.

Sasa naomba wanaoweza wasimame, wavue viatu, na waguse kiti kilicho mbele yao kwa vidole viwili tu. Inueni mguu wa kushoto kidogo kutoka sakafuni, halafu kunjeni goti la kulia taratibu, si sana, kiasi cha upana wa kiganja tu. Tazameni chini bila kuinama. Kwa mtu aliye sawa, kilegesambwa huelekea usawa wa kidole cha pili cha mguu, kile kinachofuata kidole gumba. Naona wapo ambao goti limekwenda ndani, limepita kidole gumba, na hao wakitazamwa na aliyeketi nyuma yao ataona mambo mengine mawili: kiuno kimeshuka upande wa kushoto, na upinde wa unyayo wa kulia umelala sakafuni. Mambo hayo matatu huandamana. Misuli ya pembeni mwa nyonga, iliyo chini kidogo ya mahali pa kufungia mkanda, ndiyo yenye kazi ya kukizuia kiuno kisishuke mguu mmoja unapobaki chini. Ikishindwa, paja huzungukia ndani, goti hulifuata, na unyayo hulazwa na vyote vilivyo juu yake. Wakati mwingine mambo huanzia chini, kwa unyayo uliolegea au kifundo cha mguu kilichokakamaa, na kupanda juu hadi kiunoni. Asanteni, mnaweza kuketi.

Mtu wa namna hiyo mara nyingi husikia maumivu kuzunguka kilegesambwa anaposhuka ngazi, au anapoinuka baada ya kukaa muda mrefu, kwa kuwa kilegesambwa kinavutwa kuelekea upande wa nje wa mfereji wake. Watumishi wenzangu wa Mji wa Serikali pale Mtumba, wanaoketi kutoka asubuhi hadi jioni na kisha kuketi tena kwenye daladala, wanajua ninachokisema. Wapo pia wenye kasoro ya upande wa pili, ambao magoti yamepanuka kwa nje na mzigo umelemea upande wa ndani wa kiungo. Kundi la tatu husahaulika kabisa: wale wanaosimama wakiwa wamelikaza goti mpaka limerudi nyuma, wakijitegemeza kwenye kano badala ya misuli. Ukiwaona kwenye foleni, wameegemea magoti yao wenyewe.

Kabla sijaingia katika mazoezi, lazima niweke mpaka. Mazoezi hurekebisha namna mwili unavyotumika. Hayanyooshi mfupa uliopinda. Jirani zetu wa Singida, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga, wana maeneo ambayo maji ya visima yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayekulia kwenye maji yenye floridi nyingi mno anaweza kupindika miguu pamoja na kubadilika rangi ya meno. Matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu ni habari nyingine ya mifupa. Miguu kama hiyo inahitaji daktari wa mifupa, na mtu akikuahidi kuinyoosha kwa mkeka, muulize amesomea wapi. Kina mama, nanyi msiwe na haraka ya kuogopa: mtoto mchanga huzaliwa na miguu iliyopanuka magotini, akifika miaka mitatu au minne magoti hugeuka yakawa yanagusana, na kwa kawaida hujinyoosha yenyewe afikapo miaka saba hivi. Wa kupelekwa kumwona daktari ni yule ambaye mguu mmoja unatofautiana na mwingine, au ambaye hali inazidi badala ya kupungua.

Mazoezi haya yalianzishwa na Joseph Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akazuiliwa kambini kama raia wa nchi adui, mwisho katika kisiwa cha Man, na huko ndiko alikoendeleza mazoezi yake. Inasimuliwa kwamba alifunga springi za vitanda ili wagonjwa wafanye mazoezi wakiwa wamelala, na iwe ilikuwa hivyo hasa au la, kitanda chake cha springi kinachotumika hadi leo kinafuata wazo hilohilo. Katika miaka ya 1920 alihamia Marekani, akafungua ukumbi wake New York, ambako wacheza dansi wenye majeraha walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake, na alifariki mwaka 1967. Yeye mwenyewe aliuita mfumo wake elimu ya kuutawala mwili. Jina lake lilikuja kushika baadaye. Wazo la kitanda cha springi ndilo linalotufaa sisi leo: mtu akiwa amelala anaweza kulifundisha goti lake njia sahihi kwa mzigo mdogo kuliko uzito wake, kabla ya kulidai lifanye hivyo akiwa amesimama.

Katika kanuni za mfumo huu, mbili ndizo ninazozisisitiza kwa mgonjwa wa goti. Ya kwanza ni pumzi: toa pumzi wakati wa kazi ngumu, taratibu, mpaka uhisi tumbo la chini limejivuta ndani lenyewe, kwa maana hapo misuli ya ndani ya tumbo inakishika kiuno. Mama anayetoka bombani na ndoo ya maji kichwani anatuonyesha matokeo yake, kwa kuwa kiwiliwili chake kimetulia kiasi kwamba miguu inafanya kazi yake bila kuyumbishwa na yaliyo juu. Kanuni ya pili ni utawala wa mwendo, yaani kufanya mara nane kwa usahihi na kuacha, badala ya mara hamsini za kujitupa. Vijana wa mazoezi ya asubuhi kule uwanjani, msinichukie.

Zoezi la kwanza ni la kuinua kiuno. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni kwa upana wa nyonga. Sikia sehemu tatu za kila unyayo zikigusa chini: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo. Vuta pumzi, unapoitoa, anza kuinua mfupa wa mkia, kisha kiuno, kisha mgongo pingili baada ya pingili, mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka mabegani hadi magotini. Baki hapo ukivuta pumzi, halafu shuka kwa mpangilio wa kinyume, ukianzia mgongo wa juu. Makosa yanaonekana kwa macho: visigino vinainuka, mbavu zinajitokeza juu, magoti yanaachana au yanaangukiana. Msuli wa nyuma ya paja ukikakamaa kwa uchungu, sogeza visigino karibu kidogo na makalio na uinuke kidogo zaidi kwa nguvu ya makalio.

Hapa ndipo khanga inapoingia, na hapa ninatofautiana na baadhi ya walimu. Katika video nyingi utaambiwa ubane mto au mpira katikati ya magoti unapoinuka. Hilo huamsha misuli ya ndani ya mapaja, na linamfaa yule ambaye magoti yake yanakwenda nje. Akina mama wa Kigogo wanaocheza muheme, ngoma wameibana katikati ya mapaja, wana misuli hiyo bila kufundishwa na mtu. Lakini yule ambaye kilegesambwa chake kilipita kidole gumba tulipojaribu punde, ana haja zaidi ya kinyume chake: azungushie khanga mapaja yote mawili, juu kidogo ya magoti, aifunge fundo lisiloachia, na kila anapoinua kiuno aisukume khanga kwa nje kwa nguvu ndogo, isiyokoma, mpaka anaposhuka. Baada ya marudio machache atahisi joto pembeni mwa nyonga, mahali ambapo wengi hawajawahi kupahisi. Khanga iliyochoka ni nzuri kuliko mpya, kwa sababu mpya inateleza.

Zoezi la pili ni la kulala ubavu. Magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, na kichwa kimeegemea mkono. Toa pumzi ukifungua goti la juu huku visigino vikibaki pamoja, kisha ulirudishe polepole kuliko ulivyolifungua. Siri yote imo katika kiuno: wengi hujidanganya kwa kukilaza nyuma, na goti linaonekana limepanda juu sana ilhali msuli uliokusudiwa umelala. Ukilala umeegemeza mgongo na makalio ukutani, ukuta utakuambia ukweli. Marudio kati ya 8 na 12 kila upande yanatosha, na goti likifunguka kwa upana wa ngumi mbili tu bila kiuno kusogea, hiyo ni kazi kamili.

La tatu linakaribia kitanda cha springi. Lala chali ukikaribia ukuta, nyayo ukutani, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa pembe mraba, na uusukume ukuta kana kwamba unataka kuusogeza, huku ukitazama vilegesambwa vyote viwili vikielekea vidole vya pili. Huu ndio mkao ambao mtu anayaona magoti yake mwenyewe vizuri kuliko mkao mwingine wowote, na kwa wazee ambao bado hawawezi kuchuchumaa ndipo ninapoanzia.

Mazoezi ya kulala yasipofuatwa na ya kusimama, mtu atakuwa hodari wa mkeka na kuendelea kutembea vibaya. Kwa hiyo, ukiwa umesimama ukigusa ukuta, inuka juu ya vidole polepole, vifundo vya miguu visimwagike nje, kisha shuka kwa hesabu ndefu kuliko ya kupanda. Baadaye simama pembeni mwa ngazi moja ya chini, mguu mmoja juu, na uuteremshe mwingine mpaka kisigino kiguse sakafu kwa wepesi, halafu urudi. Zoezi hili la kushuka ngazi ni dogo kulitazama na ni gumu kulifanya, maana goti haliwezi kuficha udhaifu wa nyonga hapo. Anayesikia maumivu makali alitumie tofali jembamba, au alirudie lile la ukutani kwa wiki kadhaa.

Kisha tutembee. Kisigino kiguse kwanza, uzito upite kwenye unyayo, na kidole gumba ndicho kiwe cha mwisho kuachana na ardhi. Anayeondoka kwa ukingo wa ndani wa unyayo ndiye ambaye goti lake huangukia ndani. Usilikaze goti mpaka nyuma unapolikanyagia. Fupisha hatua kidogo ili mguu usitue mbali mbele ya mwili, na uiache mikono ipishane na miguu. Jambo moja tu kwa wakati mmoja: chagua kipande cha njia, tuseme kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni kwako, kiwe ndicho cha kufikiria kidole gumba, na njia iliyobaki utembee ulivyozoea. Anayejaribu kuyakumbuka yote kwa pamoja hutembea kama askari wa gwaride, na hiyo si afya. Tazameni pia soli za viatu vyenu. Kiatu huliwa kwa kawaida kwenye ukingo wa nje wa nyuma ya kisigino. Kikiliwa upande wa ndani, au kimoja kikiliwa zaidi ya mwenzake, mwendo wenu unaandika ripoti. Ndala zilizochakaa huvilazimisha vidole kukamata, hasa kwenye mchanga wa pembezoni mwa barabara zetu, na unyayo unaokamata hauwezi kusukuma.

Je, yote haya yamethibitishwa? Kwa ugonjwa wa kusagika kwa viungo, mwongozo wa tiba uliotolewa Uingereza mwaka 2022 unayaweka mazoezi kuwa tiba ya msingi kwa kila mgonjwa, pamoja na kupunguza uzito kwa aliyezidi, na unasema kupunguza asilimia 10 ya uzito kuna manufaa kuliko asilimia 5. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Kuhusu Pilates hasa, tafiti nyingi na imara zaidi ni za maumivu ya kiuno, na zile za goti ni ndogo. Simwambii mtu kwamba Pilates inashinda mazoezi mengine ya kuimarisha nyonga na mapaja. Ninaipendekeza kwa sababu inamlazimisha mtu kutazama goti linaelekea wapi wakati anapolitumia, jambo ambalo kunyanyua vyuma kwa haraka hakumfundishi. Misuli huhitaji wiki kati ya sita na kumi na mbili za mazoezi ya mara mbili au tatu kwa wiki kabla mabadiliko hayajaonekana, na anayeacha wiki ya pili kwa kuwa hajaona kitu ameacha kabla ya wakati.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi, yanayotulia kabla ya kesho yake, yanavumilika. Yakidumu hadi siku ya pili, punguza marudio. Goti lililovimba ghafla, lenye joto na wekundu, hasa likiandamana na homa. Goti linalokwama lisikunjike wala kunyooka. Goti lililoumia kwa kuanguka na halikanyagiki. Au mguu uliovimba na kuuma nyuma ya muundi, hayo si ya mkeka. Ni ya hospitali, siku hiyohiyo.

Sasa tutagawanyika. Mikeka imetandikwa upande wa madirishani, na khanga zimewekwa juu ya meza ile ya mwisho. Kila mmoja achukue mwenzake wa kumtazama, kwa kuwa kosa la kiuno mtu halioni mwenyewe. Waliofanyiwa upasuaji wa goti au wa nyonga, wenye presha isiyotulia na kina mama wajawazito, naomba mje kwangu kwanza kabla hamjalala chini. Tutaanza na lile la kuinua kiuno, mara nane, taratibu.